Padri Camillo na meya Peppone



Wazee husema: vyombo vikaavyo pamoja havina budi kugongana. Ndivyo ilivyo kwa watu wa kijiji kimoja. Wana njia moja, soko moja, mto mmoja, basi hugombana. Hatuna haja ya kuuliza kama waligombana. Twauliza neno jingine: wakiisha kugombana, je, wanabaki watu wa kijiji kimoja?

Leo twataka kuwasimulieni habari ya sinema yenye kuchekesha sana, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1952. Kwa Kifaransa yaitwa Le Petit Monde de Don Camillo, maana yake: Ulimwengu mdogo wa Padri Camillo. Huko Italia mapadri huitwa «Don», kwa heshima. Ni habari ya padri mwenye ngumi nzito na meya mkomunisti mwenye masharubu, wenye kushindana juu ya kila jambo la mji wao. Watu wengi wameicheka. Walakini si wengi wanaojua kwamba kicheko hicho kilizaliwa katika nchi iliyokuwa bado ikizika watu wake. Historia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Nchi ya mto Po

Mto Po ni mrefu kuliko mito yote ya Italia. Urefu wake ni kilometa 652. Unatoka katika milima ya Alpi upande wa magharibi, unapita nchi tambarare, na kuingia katika bahari ya Adriatiki. Pande zake mbili udongo ni mzuri: ngano, mizabibu, majani mengi ya ng'ombe wa maziwa. Lakini mto huo ni rafiki na adui pia. Watu wamejenga matuta marefu kuuzuia, na kila mwaka wanayatazama matuta hayo kwa wasiwasi mvua zinapozidi.

Kandoni mwa mto huo, katika jimbo la Reggio Emilia, uko mji mdogo uitwao Brescello. Warumi wa kale waliuita Brixellum. Mwaka 69 Kaisari Otho alijiua mahali hapo, askari zake walipokwisha kushindwa katika vita vya Warumi kwa Warumi. Basi vita vya ndugu si jambo geni katika nchi ile.

Mashamba mengi makubwa yalikuwa mali ya matajiri wachache. Wengi walilima kwa mshahara mdogo. Ndiyo sababu migomo ilikuwa mingi tangu zamani. Kisha Mussolini na Wafashisti wake wakatwaa utawala mwaka 1922. Tangu mwaka 1926 raia hawakuruhusiwa tena kuchagua meya wao. Serikali ilileta mtu wake kutoka juu, naye alimtii aliyemtuma, si watu wa mji. Mwaka 1943 Wadachi waliingia na kuikalia nchi. Hapo wakasimama wapiganaji wa kisirisiri, walioitwa wapartizani. Kati yao walikuwamo Wakomunisti, na Wakatoliki pia, hata mapadri waliwasaidia. Walikula mkate mmoja na kulala katika nyasi moja.

Vita viliisha Aprili 1945. Mwaka 1946 raia wakachagua tena washauri wa miji yao, na kwa mara ya kwanza wanawake nao wakapiga kura. Sisi watu wa Kongo twaweza kufahamu furaha na fujo ya siku kama zile, maana twakumbuka Desemba 1957, watu wa Elisabethville, Jadotville na Léopoldville walipoitwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini, na maburgumestri weusi wa kwanza wakapatikana. Huko Emilia Wakomunisti na rafiki zao Wasosyalisti walishinda katika miji mingi. Tarehe 2 Juni 1946 raia wakapiga kura tena, na mfalme akaondolewa.

Damu iliyomwagika

Msifikiri kwamba chaguzi hizo zilifanyika kwa amani. Silaha za vita zilikuwa bado zimefichwa katika mazizi na visima. Wengine walilipa kisasi kwa Wafashisti. Wengine walilipa kisasi kwa jirani tu, wakisingizia siasa.

Tarehe 13 Aprili 1945, vita vikiwa karibu kuisha, wapartizani Wakomunisti walimwua kijana wa seminari, jina lake Rolando Rivi, mwenye umri wa miaka 14. Alikuwa hataki kuvua kanzu yake ya seminari. Eklezya ilimtangaza Mwenye heri tarehe 5 Oktoba 2013, mjini Modena. Tarehe 18 Juni 1946, jioni, padri Umberto Pessina alipigwa risasi karibu na nyumba yake, katika parokia ndogo ya San Martino, upande wa Correggio. Correggio si mbali na Brescello. Ni jimbo lile lile.

Kwa mauaji hayo ya padri Pessina alikamatwa mwaka 1947 Germano Nicolini, mkomunisti, aliyekuwa kamanda wa wapartizani na meya wa Correggio. Mwaka 1949 alihukumiwa miaka 22. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Mwaka ule ule wa 1949, tarehe 1 Julai, Roma ilitoa amri: Mkristu mwenye kushika na kutangaza mafundisho ya ukomunisti usiomkubali Mungu, ametengwa na Eklezya. Basi fikirini hali ya parokia moja ya Emilia. Padri anamjua kila mtu. Yeye amewabatiza watoto wao, amewazika wazee wao. Na nusu ya watu hao, au zaidi ya nusu, wana kadi ya chama mfukoni. Afanyeje?

Mwandishi na taabu zake

Giovannino Guareschi alizaliwa tarehe 1 Mei 1908 huko Fontanelle, katika jimbo la Parma, si mbali na mto Po. Alikuwa mwandishi wa magazeti na mchoraji wa picha za kuchekesha. Mwaka 1943 alikuwa ofisa katika jeshi. Wadachi walimkamata, wakampeleka katika makambi ya Polandi na Udachi, akakaa huko mpaka 1945. Njaa na baridi zilimkondesha sana. Hata hivyo aliandika kwamba alitoka humo pasipo kumchukia mtu yeyote. Neno hilo ndilo ufunguo wa kazi yake yote.

Aliporudi alianzisha na wenzake gazeti la juma liitwalo Candido, mjini Milano. Katika gazeti hilo, Desemba 1946, miezi sita tu baada ya kuuawa kwa padri Pessina, alichapa hadithi ya kwanza ya Don Camillo na Peppone. Kitabu kikatoka mwaka 1948. Guareschi hakuwa mtu wa katikati. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 18 Aprili 1948 alipigana na Wakomunisti kwa kalamu na kwa picha kwa nguvu zake zote. Chama cha Wademokrasia Wakristu kilipata kura 48 na nusu katika kila mia. Upande wa Wakomunisti na Wasosyalisti ulipata 31. Watu wengi walisema kwamba gazeti la Guareschi lilichangia ushindi huo.

Lakini tazameni: mtu huyo aliyewapinga Wakomunisti vile, katika hadithi zake alimfanya meya wao kuwa mtu mwema, mwenye hasira nyingi na moyo mkubwa zaidi ya hasira zake. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa akiwajua. Walikuwa watu wa kwao.

Sinema yenyewe

Mwelekezi wa sinema alikuwa Mfaransa, Julien Duvivier. Padri Camillo ni Fernandel, mtu wa Marseille, mwenye uso mrefu na meno makubwa kama ya farasi. Peppone ni Gino Cervi, mtu wa Bologna. Picha zilipigwa pale Brescello penyewe, na watu wengi wa mji walionekana ndani yake. Uwanja ni mdogo: upande huu kanisa, upande ule nyumba ya meya. Wapinzani wetu hawakuweza kufungua dirisha pasipo kuonana.

Habari yaanza siku Wakomunisti waliposhinda uchaguzi wa mji. Peppone, fundi wa mashine, amekuwa meya. Anahutubia watu uwanjani. Padri anapiga kengele ili hotuba isisikike. Mtoto wa meya amezaliwa. Wanamleta abatizwe kwa jina la Lenin. Padri anakataa. Ndipo meya na padri wanapanda pamoja katika mnara wa kengele, wanapigana ngumi, na wakiisha kupigana mtoto anabatizwa, na jina la Camillo linatiwa kati ya majina yake.

Kila mmoja ataka mji wake upendeze kwa kazi yake. Meya anajenga Nyumba ya Watu. Padri ataka nyumba na bustani ya watoto. Fedha ya meya ilitoka wapi? Padri anajua: ni fedha iliyotekwa wakati wa vita, nayo haikutangazwa. Basi anaidai sehemu kwa ajili ya watoto, naye anaipata. Hata mchezo wa mpira wanaugeuza kuwa vita ya vyama. Mwamuzi amekwisha kupewa fedha na meya, naye padri pia alikuwa amejaribu kumnunua! Msifikiri kwamba padri huyo ni mtakatifu. Ndiyo sababu ndani ya kanisa yuko mwingine wa kumkemea: Bwana Yezu Msulubiwa. Padri anasema naye kama mtoto na baba yake, naye Bwana anamjibu kwa upole, na kila mara anamwonyesha kosa lake. Meya ana chama cha kumwambia kwamba amefanya vema. Padri ana Msalaba wa kumwambia kwamba amekosa. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kati ya mambo mengi ya sinema hiyo, matatu yatufaa kuyaangalia sana.

La kwanza ni mgomo. Wafanyakazi wa mashamba wamegoma, na ng'ombe hawakukamuliwa. Wanalia zizini kwa maumivu. Usiku padri anakwenda kwa siri kuwakamua, naye meya anakwenda vilevile. Hao wawili wanajua kwamba haki ya mfanyakazi ni neno kubwa, lakini ng'ombe akifa, tajiri na maskini wote wanapoteza.

La pili ni mazishi ya mwalimu mzee, mama Cristina. Huyo ndiye aliyewafundisha wote kusoma, meya na wenzake pia. Akiwa katika kufa ameomba bendera ya mfalme iwekwe juu ya jeneza lake. Lakini mfalme amekwisha kuondolewa! Washauri wanakutana, wengi wanakataa. Peppone anasema kwamba kama meya atafuata neno la washauri, lakini mahali hapa Wakomunisti ndio wenye amri, na mwalimu atazikwa na bendera aliyoitaka. Hivyo jeneza la mwanamke mzee limefunikwa bendera ya mfalme, na wanaolibeba ni watu wenye kitambaa chekundu shingoni. Je, walibadili siasa? Hapana. Walimheshimu mama yao.

La tatu ni mwandamo wa kubariki mto. Wakomunisti wametisha watu, na siku ile hakuna hata mmoja anayemfuata padri. Anatoka peke yake, amebeba Msalaba mzito, na nyuma yake mbwa mdogo tu. Njiani kundi la Peppone limeziba njia. Padri hasimami wala hageuki; anazidi kwenda. Mwisho wanaachana, wanampisha, na meya anavua kofia, si kwa ajili ya padri bali kwa ajili ya Yule aliye Msalabani. Kisha wote wanamfuata mpaka mtoni, kwa maana mto ukivunja tuta hauulizi nani ana kadi ya chama na nani ana rozari.

Na hayo hayakuwa maneno ya mchezo tu. Tarehe 14 Novemba 1951, mwaka ule ule picha zilipopigwa, mto Po ulivunja matuta yake upande wa chini, katika nchi ya Polesine. Watu wapata mia walikufa, na zaidi ya 180,000 wakaacha nyumba zao. Sinema ya pili, ya mwaka 1953, yaonyesha gharika kama hiyo, na padri anayebaki katika mji uliojaa maji.

Mwishoni mwa sinema ya kwanza Askofu anamhamisha padri kwa sababu ya ngumi zake. Stesheni ni tupu. Watu wameogopa kuja. Gari la moshi linaondoka, linafika stesheni ya pili: Wakristu wake wote wako pale. Na katika stesheni ya tatu, nani anamngoja? Meya Peppone na watu wake, na zawadi mkononi.

Katika Ufaransa peke yake watu zaidi ya milioni 12 walilipa kuiona sinema hiyo. Fernandel na Cervi walicheza pamoja sinema tano za Don Camillo, mpaka mwaka 1965. Ya sita ilianzwa mwaka 1970, lakini Fernandel aliugua, akafa Februari 1971.

Yaliyofuata

Mtu aweza kusema: hayo ni hadithi; katika maisha ya kweli watu hawapatani hivyo. Basi tuangalie maisha ya kweli.

Kwanza Guareschi mwenyewe. Mwaka 1954 alichapa katika gazeti lake barua mbili, akisema ziliandikwa na Alcide De Gasperi wakati wa vita. De Gasperi alikuwa mkubwa wa Wademokrasia Wakristu, chama kile kile ambacho Guareschi alikuwa amekisaidia. Alikana mbele ya mahakama, na Guareschi akahukumiwa kwa kumsingizia. Hakutaka kukata rufani. Alikaa katika gereza la Parma siku 409. Aliyewacheka Wakomunisti hakufungwa nao. Alifungwa kwa ajili ya ugomvi na mtu wa upande wake. Alikufa Julai 1968.

Kisha meya wa Correggio, Germano Nicolini. Alikaa gerezani miaka 10, akatoka, lakini jina la mwuaji wa padri lilibaki juu yake. Mwaka 1991 mtu mwingine akakiri kwamba yeye na wenzake ndio waliomwua padri Pessina. Mwaka 1994 mahakama ikatangaza kwamba Nicolini hana kosa. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu kukamatwa kwake. Walikuwako watu wa chama chake waliojua ukweli, wakanyamaza ili chama kisiaibike. Walikuwako Wakatoliki walioamini upesi, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa mkomunisti. Hivyo mtu mmoja alisulubiwa kati ya pande mbili. Alikufa mwaka 2020, karibu kutimiza miaka 101. Huyo alikuwa Peppone wa kweli, naye alikosa Don Camillo wa kuvua kofia mbele yake.

Mwisho, mji wa Brescello. Leo masanamu mawili ya shaba yamesimama uwanjani: padri upande wa kanisa, meya upande wa nyumba ya mji. Wageni wengi wanakuja kuyaona, na Msalaba wa sinema umo kanisani. Lakini mwaka 2016 serikali ya Italia ilivunja baraza la mji huo, kwa sababu 'Ndrangheta, chama cha siri cha waovu kilichotoka Calabria, kilikuwa kimejipenyeza katika mambo ya utawala. Lilikuwa baraza la kwanza kuvunjwa kwa sababu hiyo katika jimbo lote la Emilia-Romagna. Raia walichagua baraza jipya mwaka 2018.

Tazameni, ndugu. Gharika ya mto inasikika kwa mbali. Watu hupiga kengele na kukimbia. Waovu hao hawakuvunja tuta, wala hawakupiga kelele uwanjani. Waliingia polepole, na fedha mkononi. Ndiyo maana ya mithali yetu: kikulacho ki nguoni mwako.

Neno la kushika

Toka habari hizi tunajifunza nini? Wengine hudhani kwamba mji mzuri ni mji usio na ugomvi. Sivyo. Mji ule ulipokuwa na padri wa kupiga kengele na meya wa kupiga kelele, kila mtu alijua nani anataka nini, na fedha ya Nyumba ya Watu ilipata mtu wa kuiuliza ilikotoka. Ugomvi wa wazi ni taa. Kinachoua mji ni mambo mawili mengine: chuki, iliyomwua padri Pessina, na kimya, kilichomfunga Nicolini na kuwafungulia waovu mlango.

Kwa hiyo, Mkristu anayekaa katika baraza la komini yake, au anayempinga burgumestri wake, asione haya kusema kwa nguvu neno analoliona kuwa la haki. Adai hesabu ya fedha ya wote. Lakini ajiulize pia usiku, mbele ya Msalaba, kama alivyofanya Padri Camillo: je, leo ng'ombe wa mpinzani wangu analia zizini, nami nasikia? Mwalimu wangu amekufa, je, nitambeba, ingawa bendera yake si yangu? Na akisingiziwa mpinzani wangu uovu asioufanya, nami najua ukweli, je, nitasema?

Mwenye kuweza kujibu ndiyo mara tatu, huyo apige kengele yake bila hofu.